Kila Magharibi Stesheni Zinakwenda: Kisa cha Dishi Moja la Mkomani, Lamu

Mwezi wa Julai, kusi likivuma kwa nguvu zake zote, kijana mmoja alinijia kibandani kwangu Langoni na boksi la LNB mkononi, yaani kile kichwa kidogo mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Ilikuwa LNB yake ya tatu ndani ya miezi minne. Alitaka nimchagulie ya nne. Bibi yake, mwenye nyumba ya mawe ya ghorofa mbili huko Mkomani, alikuwa akiikosa taarifa ya habari ya saa moja karibu kila siku. Picha inaanza kuganda, inakatika vipande vipande, kisha kioo kinakuwa cheusi na maandishi kwamba hakuna mawimbi. Asubuhi kila kitu kiko sawa.

Nikamuuliza, "Zinapotea stesheni zote au baadhi?"

"Baadhi, ami. Nyingine ziko safi kama kawaida."

Jibu hilo lilinifanya nisimuuzie kitu. LNB iliyokufa imekufa kwa stesheni zote. Dishi lililohama haliteui saa ya kuhama, wala halirudi lenyewe asubuhi. Nilimwambia anisubiri hadi alasiri twende pamoja.

Kisa hiki nakiandika kwa urefu kwa sababu nimeona nyumba nyingi za kisiwani zikigharimika kubadilisha vitu visivyo na kosa. Dishi kubwa linaletwa kutoka Mokowe kwa boti, linapandishwa mgongoni mwa hamali mpaka juu ya nyumba, na ugonjwa uliokuwako unabaki palepale. Ukweli ni kwamba hapa Lamu mawimbi si haba. Kinachotutesa ni chumvi, viungo vibovu, na vipimo vilivyoishia njiani.

Bibi mwenyewe hatoki tena. Magoti yamekataa, na ngazi za nyumba zile ni nyembamba na ndefu. Nilipomwamkia alinijibu kwa dua, akanikaribisha kahawa, akaniambia, "Mwanangu, dunia yangu mimi ni kile kioo na dirisha la njiani. Dirisha halijaniharibikia." Kisha akamtuma mjukuu amletee daftari.

Miaka mingi alifundisha chuoni, na tabia ya kuandika haikumtoka. Tangu Machi alikuwa akiandika kila mara picha inapopotea. Mistari yake ilikuwa mifupi: "Jumanne. Saa moja na dakika kumi. Imekwenda. Imerudi saa nne asubuhi." Pembeni ameandika stesheni zilizokwenda. Katika kazi yangu yote sijapata kupewa kitu chenye faida zaidi na mteja. Mafundi watatu walishafika nyumba ile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameliomba.

Nilikaa nalo nusu saa. Mambo matatu yalijitokeza. Kwanza, stesheni zilipotea baada ya jua kuzama, zikarudi jua likishapanda. Pili, zilikuwa zilezile kila mara, kama nusu ya zote, na nusu nyingine haikuguswa. Tatu, siku za mvua kubwa zilikwenda zote kwa pamoja, lakini kwa dakika kumi au ishirini, kisha zikarudi pamoja. Hayo yalikuwa magonjwa mawili tofauti, na katika maelezo ya mdomo yalikuwa yamechanganywa yakawa moja.

Kulikuwa na jambo la nne lililomtia bibi wasiwasi kuliko yote. Kati ya tarehe 19 na 22 Machi, siku nne mfululizo, picha ilipotea mchana, kama saa saba kasoro robo, jua likiwaka na anga ikiwa haina wingu. Alidhani televisheni inaungua. Nilifurahi kumwondolea hofu hiyo papo hapo. Dishi lake linatazama setilaiti iliyoko digrii 36 mashariki, na katika siku zile jua hupita nyuma ya setilaiti hiyo kabisa. Kelele za jua huingia ndani ya dishi pamoja na mawimbi, zikayafunika kwa dakika chache. Hutokea tena Septemba. Hakuna cha kutengeneza, na kwa kweli ni habari njema, kwa sababu inathibitisha dishi linatazama pale linapopaswa kutazama.

Kabla ya kusimulia tulichokuta juu, lazima nieleze anga ya kwetu, maana bila hiyo makosa ya wenzangu hayaeleweki.

Setilaiti za televisheni ziko juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na huzunguka sambamba na dunia, ndiyo maana tunaziona zimesimama. Lamu iko kama digrii 2.3 kusini ya ikweta na digrii 40.9 mashariki. Setilaiti ya digrii 36 kwetu iko karibu na utosi. Mwinuko wake ni kama digrii 84, pungufu ya wima kamili kwa digrii sita tu, imeinama kidogo upande wa magharibi na kaskazini. Linganisha na ya digrii 7 mashariki, ambayo kutoka hapa mwinuko wake ni kama digrii 50, moja kwa moja magharibi. Ya digrii 57 iko upande wa mashariki, mwinuko kama digrii 71.

Setilaiti ikiwa karibu na utosi, mazoea ya mafundi waliojifunza kazi kwingine yanapotosha. Ukilizungusha dishi kushoto au kulia kwa digrii kumi nzima, mwelekeo wake angani unasogea digrii moja tu. Lakini ukiliinua au kuliinamisha digrii moja, umesogea digrii moja kamili. Dishi la sentimita 90 lina mwanya, yaani upana wa anga linaouona, wa kama digrii mbili, la sentimita 120 digrii moja na nusu. Kwa hiyo hapa kulizungusha kuna nafasi kubwa, ila kuinua na kuinamisha kunataka subira ya mshona kofia. Na paipu lazima isimame wima kabisa kwa timazi, kwa kuwa ikiinama digrii tatu tu, setilaiti imeshatoka nje ya mwanya.

Juu ya nyumba nilikuta dishi la sentimita 120 limefungwa kwenye paipu nyembamba iliyopigiliwa katika ukuta wa kando ya paa la makuti, sehemu ya juu kabisa ya nyumba. Paipu ilikuwa imeinamishwa kwa makusudi. Kibano cha dishi hilo kilikuwa kinaishia digrii 70 na kitu, hakifiki 84, basi aliyelifunga akainamisha paipu kufidia zilizobaki. Kusi lilikuwa likipiga. Nilishika ukingo wa dishi nikahisi likitetemeka mkononi kama tanga lisilokazwa vizuri.

Mchana ule vipimo vilionyesha nguvu asilimia 90, ubora asilimia 50 na kidogo. Hapa nitasimama kidogo. Nguvu na ubora si kitu kimoja. Nguvu inahesabu kila kinachoingia kwenye waya, mawimbi na kelele pamoja. Ubora unahesabu kiasi gani cha hicho kinasomeka. Mtu anaweza kuwa na nguvu ya asilimia 90 na asione kitu. Asilimia zenyewe kila dikoda inazihesabu kivyake, hivyo usilinganishe yako na ya jirani. Linganisha yako ya leo na yako ya jana.

Nguvu 90 na ubora 50 yaliniambia kwamba dishi kubwa halikuwa limeleta lolote. Niliandika vipimo vile kwenye daftari la bibi, nikashuka. Nikawaambia nitarudi baada ya isha.

Kurudi usiku ndiko kulikofungua kisa chote. Mafundi watatu waliotangulia wote walifika mchana, wakati mgonjwa hana homa. Kila mmoja alibadilisha kitu, akaona picha safi, akalipwa, akaondoka. Wa kwanza alibadilisha LNB. Wa pili alileta dishi la 120 na kulihamishia juu. Wa tatu alibadilisha LNB tena. Sina sababu ya kumshuku yeyote kuwa alidanganya. Waliona picha safi kwa macho yao.

Sasa kuhusu ile nusu ya stesheni. Mawimbi ya setilaiti hii huja kwa namna mbili, ya wima na ya mlalo, ili masafa yaleyale yabebe stesheni maradufu. LNB haiwezi kupokea zote mbili kwa mpigo kwenye waya mmoja, kwa hiyo dikoda huiamuru kwa volti. Ikipeleka volti 13, LNB inasikiliza wima. Ikipeleka 18, inasikiliza mlalo. Umeme huo unapanda kupitia waya uleule unaoshusha picha. Ukifungua ukurasa wa mipangilio ya dikoda utaona herufi V au H kando ya kila masafa. Niliziangalia zile stesheni za daftari moja moja. Zote zilikuwa H.

Basi swali likawa dogo kabisa: zile volti 18 zinafika juu zikiwa ngapi?

Kupima kwake kuna mtego. Ukichomoa waya kutoka kwenye LNB na kuweka ncha za mita, utasoma karibu volti 18 hata kama waya umeoza, kwa kuwa hakuna mzigo unaovuta umeme. Mchana ule nilisoma 18.1 kwa njia hiyo. Ni kama bomba lenye takataka: ukiliziba mdomo, maji yanajaa na shinikizo linaonekana zuri, lakini ukifungua yanatiririka kwa kudondoka. Lazima upime LNB ikiwa inafanya kazi. Mimi hutumia spliti ndogo ya njia mbili inayopitisha umeme pande zote. Upande mmoja naunga LNB, upande wa pili naweka mita. Kwa njia hiyo mchana nilipata 16.9. Karatasi za LNB nyingi zinataka kati ya 16 na 19 kwa mlalo, kwa hiyo ilikuwa inapita, lakini kwa kubahatisha.

Saa mbili usiku nilipanda tena, kijana akinimulikia tochi. Umande ulikuwa umeshashuka, ukuta wa chokaa ukilowa mkononi. Mita ilisoma 14.4.

Kwa volti hizo LNB haijui tena imeamriwa nini. Inaona namba ndogo, inarudi kwenye wima, na kila stesheni ya mlalo inatoweka. Za wima hazina shida, kwani volti 13 ikipungua bado ni namba ndogo tu, na LNB hii ilistahimili. Ndiyo maana nusu ilibaki safi. Nilimwita kijana aione mita kwa macho yake, halafu akashuka mbio kumweleza bibi. Nilimsikia kutoka juu akisema, "Si LNB, Bibi! Haikuwa LNB hata siku moja!"

Volti zilikuwa zinapotelea wapi? Nilifuata waya kwa mkono. Chini ya upenu wa makuti, pale dishi lilipohamishiwa juu, waya wa zamani ulikuwa haufiki, ukaungwa na mwingine kwa kiungio cha kati. Mahali hapo palizungushiwa tepe nyeusi ya umeme, tabaka juu ya tabaka, unene wa kidole gumba. Nilipoikata kwa kisu maji yalitoka. Ndani yake konekta ya kwanza ilikuwa imejaa unga wa kijani na mweupe. Nyuzi za kusuka zinazozunguka waya zilikatika kwa kuguswa, kama uzi ulioungua. Kiini cha shaba kilichokuwa kinene kama sindano ya kushonea mkeka kilikuwa kimechongoka, kimebaki ncha nyembamba nyeusi.

Chumvi ya bahari ina tabia ambayo kila mwenye jiko la pwani anaijua: haikai kavu. Unyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 75, chumvi inauvuta na kugeuka maji. Mchana jua likipiga makuti, kile kiungio kilikauka na chumvi ikawa unga tu. Jioni hewa ikipoa, unyevu ukipanda, unga ukawa maji ya chumvi, na maji ya chumvi yanapitisha umeme kutoka kwenye kiini hadi kwenye nyuzi za nje. Sehemu ya umeme ikavujia hapo, na uliobaki ukapita kwenye shaba iliyokwisha kuliwa. Kibaya zaidi, umeme wenyewe unaharakisha uozo. Kiini kina chanya muda wote dikoda ikiwa imewashwa, na chanya ndani ya maji ya chumvi huyeyuka. Kila usiku bibi alipowasha televisheni, kiini kile kilikuwa kinaliwa kidogo zaidi.

Tepe nyeusi haikuzuia chochote. Tepe ya umeme ni ya kuzuia umeme. Gundi yake hulainika kwa joto la kwetu, ncha zinafunguka, unyevu unaingia polepole, na kutoka haupati njia.

Matengenezo yenyewe yalichukua siku moja. Katika kuchagua vifaa nilikuwa mkali kwa mambo mawili na mpole kwa mengine yote.

La kwanza ni waya. RG6 ndio unaofaa, omu 75, lakini jina hilo limeandikwa kwenye nyaya za kila aina. Chukua sumaku ndogo na uiguse kwenye kiini. Ikivuta, ni chuma kilichopakwa shaba juu. Mawimbi ya picha hupita juujuu ya kiini, hivyo kwa picha chuma hicho si kibaya, lakini umeme wa LNB hupita katika unene wote, na chuma huupunguza. Kwa mita kumi si kitu. Kwa mita thelathini na tano, kama ilivyokuwa nyumba ile, kila kiungo kibovu kinaongezewa uzito. Tena ganda la nje liwe jeusi lililotengenezwa kwa kukaa juani. Lile jeupe linapasuka, na ufa ukishafunguka chumvi inaingia ndani na kusafiri urefu wa waya.

La pili ni konekta. Zile za kuzungusha kwa mkono sizitumii tena hapa kisiwani. Zinashika vizuri siku ya kwanza tu. Nilitumia za kubana kwa koleo lake maalumu, zenye mpira ndani. Kila moja niliifunga kwa tepe ya mpira inayoshikana yenyewe, ile unayoivuta mpaka irefuke maradufu ndipo uizungushe, nikaipandisha kutoka chini kwenda juu ili tabaka zipishane kama makuti yanavyopishana, maji yateremke nje. Kabla ya kuingia LNB niliuacha waya uning'inie kitanzi, tone la maji lidondokee chini ya kitanzi badala ya kufuata waya hadi konekta.

LNB sikubadilisha. Ile aliyokuwa nayo kijana ndani ya boksi nilimwambia aitunze. Namba ndogo ya kelele iliyochapwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi, 0.1 na kuendelea, isikufanye ulipe zaidi. Kwa nyumba ya kawaida utofauti wake hauonekani kwenye kioo.

Kiungio cha kati hakikurudi. Nilitaka waya mmoja, mzima, kutoka LNB hadi dikoda. Na hapo ndipo nilipoanza kutafakari dishi lenyewe lilifuata nini kule juu.

Aliyelihamisha alitaka lisizibwe. Kwa setilaiti ya digrii 7 ningemuunga mkono, kwa kuwa kwa mwinuko wa digrii 50 ukuta wa mita sita unakulazimisha ukae umbali wa kama mita tano. Lakini kwa mwinuko wa digrii 84 ukuta uleule unaziba kama sentimita 70 tu. Nyumba za mawe za Lamu zina kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi juu, na cha bibi kilikuwa na upana wa kutosha. Dishi lingeweza kukaa humo ndani, chini, limezungukwa na kuta nene pande zote, kusi lisiliguse. Waya ungekuwa mita 14. Hakuna wa kupanda makuti usiku. Isitoshe, Mji Mkongwe wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mimi huumia kuona paa za mababu zetu zimeota madishi kama uyoga wakati setilaiti hii inatuangalia hadi ndani ya ua.

Dishi la zamani la sentimita 90 halikutupwa. Lilikuwa uani, limefunika pipa la maji. Nililifunga nyuzi mbili za mshipi kutoka ukingo hadi ukingo, zikakatana katikati kama msalaba. Zilipogusana sawasawa nilijua ukingo haujapinda. Zingeachana, ningeliacha palepale juu ya pipa, kwani urefu wa wimbi lenyewe ni kama sentimita mbili na nusu, na mpindo wa milimita chache unaharibu mengi. Kutu ilikuwa nje tu. Nikaisugua, nikalipaka dishi rangi isiyong'aa ili jua la utosini lisikusanyike kwenye LNB na kuichoma.

Mjukuu alishangaa. "Ami, tunarudi kwenye dogo?"

Swali lake ni la haki. Dishi la 120 linakusanya mawimbi kama mara 1.8 ya lile la 90, na faida hiyo ni ya kweli. Lakini upepo nao linaukusanya mara 1.8 ileile, na mwanya wake ni mwembamba zaidi, kwa hiyo mtikisiko mdogo unalitoa kwenye setilaiti. Juu ya paipu ile nyembamba, kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ambao hauishiki misumari kwa muda mrefu, faida yote iliyeyuka. Dishi kubwa linafaa pale mawimbi ni dhaifu na msingi ni imara. Kwa bibi ilikuwa kinyume: mawimbi mazuri, msingi mbovu. Kibano cha dishi la 90 kilifika digrii 84 bila kuinamisha paipu, na hilo peke yake lilinitosha.

Tulisimamisha paipu ya mabati ya inchi mbili kwenye ndoo kubwa iliyojazwa zege, tukaipima timazi pande mbili. Dishi la namna hii LNB yake imekaa kando badala ya katikati, kwa hiyo uso wake hautazami setilaiti moja kwa moja. Setilaiti iko digrii 84, lakini uso wa dishi unaonekana kama umeelekea digrii 60 hivi. Ukilitazama kwa jicho tu utadhani limekosea. Usiliguse. Fuata mita.

Ubora ulipanda hadi 58, ukakataa kuendelea. Kilichobaki kilikuwa LNB ndani ya kishikio chake.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila fundi wa ukanda huu alishike. Wima ya setilaiti ni kaskazini na kusini ya dunia. Mtu aliye mbali kaskazini, setilaiti ikiwa mbele yake, anaiona wima hiyo kuwa wima kwelikweli, na LNB yake inakaa karibu na sufuri. Sisi setilaiti iko utosini, na wima yake imelala juu ya vichwa vyetu. Dishi letu linaelekea magharibi likipinda kaskazini, basi LNB lazima izungushwe kama digrii 65 kutoka sufuri ili zilingane. Niliyoikuta ilikuwa kwenye 45. Mtu aliizungusha kidogo kidogo, picha ikatokea, akakaza skrubu. Kwa kosa la digrii 20, kama asilimia 12 ya nguvu za mlalo zinaingia katika wima, na za wima katika mlalo, na stesheni zinazungumza juu ya wenzao. Picha inatoka, ila haina akiba. Wingu moja linatosha kuikata.

Nililegeza skrubu, nikazungusha kwa upana wa ukucha, nikangoja dikoda isome, nikazungusha tena. Sitini na tatu. Sabini. Sabini na sita. Sabini na saba. Nikapita mpaka ikaanza kushuka, ndipo nikarudi. Usisimame picha inapotokea. Simama baada ya kuona kilele kimepita, vinginevyo hujui kama umekifikia. Kijana alikuwa akinisomea namba kutoka chumbani kwa sauti, na bibi alikuwa akizirudia nyuma yake.

Usiku huo saa mbili mita ilisoma volti 17.6. Tulikaa naye tukaitazama taarifa hadi mwisho, yeye kwenye kiti chake, mimi mlangoni. Hakusema neno mpaka hali ya hewa ilipoisha.

Mvua bado inakata picha. Nilimwambia hivyo mapema ili asidhani ugonjwa umerudi. Masafa haya ya gigahetsi 11 na 12 hunyonywa na matone makubwa, na hakuna dishi la nyumbani litakalozuia masika yakimwagika. Ila akiba ya ubora imeongezeka, na mvua za Agosti ziliondoa picha kwa dakika tano, badala ya zile ishirini za awali, kwa hesabu ya daftari lake. Kitu kingine kilichojitokeza baadaye kilikuwa kamba ya kuanikia. Msichana wa nyumbani alianika shuka mbichi juu ya dishi, stesheni zote zikaenda. Walisogeza kamba hadi ukuta wa mashariki.

Kwenye daftari, kurasa mbili mbele, nimeandika tarehe ya kufungua konekta ya LNB na kuitazama, kabla kaskazi halijaanza. Konekta mbili mpya na kipande cha tepe ya mpira vimo ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati, na koleo nimemwazima kijana. Anajua sasa kupima volti LNB ikiwa imeunganishwa.